Milaya ya Keji Imeuzwa Mara Mbili

1 Julai

Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna, jenereta ya jirani imeingia maji, na wanawake wangu wamejibana mlangoni na sindano zao wakigombania mwanga. Nimechukua daftari la hesabu la mwanangu Ryan, aliloliacha akirudi shuleni Busia likiwa na kurasa mbili tu zilizoandikwa. Mtoto wa nani huyu? Nimesema heri niandike kuliko kukaa nikiyatolea macho matope.

Basi. Mimi ni Kisakye, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda, Mama Ryan kwa kila mtu hapa mtaa wa Hai Cinema, Juba. Nina kiwanda cha milaya. Ndiyo, kiwanda: chumba kimoja cha mabati, veranda, na wanawake sita. Anayetaka kucheka acheke, lakini aulize kwanza analala juu ya shuka la nani. Milaya ni shuka la kudarizi kwa mkono, maua, tausi, kasuku, na ukingo wa kroshe, na mjini hapa msichana akiolewa bila milaya watu wataulizana kama ana mama.

3 Julai

Amekuja kijana wa Kampala anaitwa Edrine. Viatu vyeupe kwenye matope haya! Nikajua ama ni mwizi ama ni mtu wa ofisi. Kumbe ni wa Suksua, lile soko la kwenye simu ambalo watu wananunulia sufuria bila kutoka kitandani.

"Nyabo, wewe shona tu," ameniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Sisi tunauza, tunapeleka mpaka mlangoni, na kila wiki tunakuambia watu wanatafuta nini. Mtengenezaji na muuzaji wakishikana mikono, nani atawaweza?"

"Na mtajuaje watu wanatafuta nini?"

"Wanatuambia wenyewe. Mtu akibonyeza simu yake, sisi tunaona."

"Hata Bilpam kwa wanajeshi?"

"Bilpam ndiko wanakobonyeza zaidi. Wake za maofisa."

Nimeshtuka, sitaficha. Miaka yote hii Juba nasimama barabarani nikikisia nani anataka nini, kumbe kuna kijana amekaa mahali anawaona wote. Nimemwambia sawa. Achan, mchoraji wangu, amemwangalia viatu, kisha akarudi kwenye penseli yake.

6 Julai

Edrine amepiga: wiki hii watu wanataka bluu. Nilikuwa na milaya tatu za bluu zilizonilalia tangu Pasaka. Mpaka saa nane mchana zimekwisha zote. Yesu wangu.

7 Julai

Mvua. Oda. Mvua.

10 Julai

Leo nataka kuandika juu ya Achan, maana ananikasirisha na siwezi kumfukuza. Ni Mwacholi wa Magwi, amekaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na akishika penseli hata mimi hunyamaza. Lakini hachori milaya ya bibi harusi mpaka akae naye, wanywe chai, amuulize swali lake moja: siku hiyo nani hatakuwepo? Na kila bibi harusi wa Juba ana mtu ambaye hatakuwepo. Basi huyo ndiye Achan humtia kwenye milaya. Hachori uso, huchora kitu chake, akakificha katikati ya maua, ili naye awe ameingia harusini. Kisha bibi harusi mwenyewe hukidarizi kitu hicho kwa mkono wake, hata kama hajui sindano inashikwa upande gani. Kitu hicho hakichorwi tena kwa mtu mwingine.

Nimemwambia mara ngapi kwamba tukichora moja tukainakili tutamaliza kazi upesi? Jibu lake ni lile lile. "Hiyo fanya wewe, Mama Ryan. Mimi hapana."

Sasa tunaye Keji wa New Site, anaolewa tarehe ishirini Septemba na kijana anaitwa Fortunato. Ni msichana mpole, anapiga magoti kusalimia kama walivyofundishwa kule Uganda, kambi ya wakimbizi ya Adjumani. Alipoulizwa lile swali, chai ilimpoa mkononi. Akasema ni kaka yake, Lado. Wazazi walipokufa Lado ndiye aliyemsomesha. Alizunguka kambi nzima na baiskeli nyekundu akiuza majogoo, jogoo mmoja amefungwa nyuma kwenye keria anawika njia nzima, na watoto walimwita Saa Kumi na Mbili. Amekufa mwaka juzi kwa ugonjwa wa ini.

Mwezi mzima Keji amekuwa akija kila alasiri kudarizi baiskeli na jogoo. Leo amemaliza. Jamani, jogoo amepinda! Mkia unakwenda Nimule kusini, kichwa kinakwenda Terekeka kaskazini. Wanawake wamecheka, Keji mwenyewe amecheka mpaka akashika mbavu, halafu akaanza kulia, na sisi wote tukajifanya tunatafuta uzi.

11 Julai

Tumetandaza milaya ya Keji kwenye ua tukaipiga picha kabla hajaichukua, kama tunavyofanya zote. Sijaona nyingine iliyotoka vile. Amelipa, ameikunja, ameondoka nayo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Picha nimemtumia Edrine pamoja na nyingine nne, ajue anashughulika na nani.

13 Julai

Edrine amenipigia mara tatu nikiwa kanisani. Nimetoka nje nikidhani kuna msiba.

"Nyabo! Ile ya jogoo kwenye baiskeli, nimeiweka sokoni kwetu! Watu wanaibonyeza kuliko hata simu mpya!"

Nimecheka peke yangu chini ya mwavuli. Jogoo aliyepinda vile?

16 Julai

Achan amekataa kabisa kuichora tena ile ya jogoo. Nimembembeleza, nimemtishia, nimemnunulia soda. Amekunywa soda akakataa tena.

"Watu wanaitaka, Achan. Hatuibi."

"Lado iko ya Keji. Wewe taka mimi nampa kila mtu Lado?"

"Ni baiskeli na jogoo tu, jamani."

"Kwako iko jogoo." Akarudi kazini. Huyu mwanamke atanitia umaskini.

21 Julai

Nimekutana na Edrine kwa muuza chapati, maana kiwandani Achan ana masikio. Kijana analo suluhisho, na mimi nimebaki mdomo wazi. Anasema wao wameungana na kiwanda cha vitambaa kule Kampala. Suksua inaona watu wanatafuta nini, inakiambia kiwanda, kiwanda kinachapa haraka, mzigo unashuka kwenye stoo yao New Site, biashara imekwisha.

"Wewe unatoa mchoro, kiwanda kinatoa wingi, sisi tunatoa wateja. Kila shuka likiuzwa unapata sehemu yako, nyabo, umekaa. Swali ni moja tu. Mchoro ni wa nani?"

"Wa nani tena? Umetoka kiwandani kwangu. Ni wangu."

Kabla hajameza chapati nimeshaona karo ya Ryan mpaka kidato cha sita. Nimesema ndiyo. Na kusema kweli sikuona ubaya. Mashine itatoa nini? Matambara. Hakuna mwenye macho atakayelichanganya tambara na kazi ya mkono.

25 Julai

Mvua. Wanataka kijani wiki hii. Nimeacha kuuliza wamejuaje.

6 Agosti

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Edrine ameleta shuka la sampuli kutoka kiwanda cha Kampala, kwenye mfuko wa plastiki. Wanawake walikuwa wamekwenda kula. Nimenawa mikono kwanza, mazoea, nikalitandaza mezani. Nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Hawakuchora upya. Wamechukua picha yangu ile ile ya uani wakaichapa kwenye kitambaa, uzi kwa uzi. Ukisimama hatua moja nyuma utaapa imedariziwa. Maua ya Achan yote yapo. Baiskeli nyekundu ipo. Jogoo wa Keji yupo, mkia Nimule, kichwa Terekeka. Kuna mahali uzi ulimkatikia Keji akafunga fundo kubwa la ovyo, tukamwambia afumue akakataa. Fundo lipo! Nimepeleka kidole kuligusa. Kidole kimeteleza, hakuna kitu, kitambaa kitupu kimelala.

Sijui nieleze vipi. Nimekaa chini kwenye sakafu mimi mtu mzima. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Si jogoo. Ule ni mkono wa Keji akimlilia kaka yake, na mimi nimeutoa ukachapwe.

"Edrine, hii ni ya mtu."

"Ya mtu gani? Si ulisema yako?"

"Bibi harusi alishailipia. Ni kaka yake, amekufa. Hii baiskeli ni ya kaka yake."

Kijana wa watu, rangi imemtoka usoni. Hakubishana. Amekaa kwenye kigoda cha Achan akashika kichwa.

"Nyabo, zimeshachapwa. Lori limeondoka Kampala jana. Na watu wameshaagiza, hatujawahi kupata oda nyingi hivi kabla mzigo haujafika."

"Rudisheni."

"Kwa nani? Kiwanda kilichapa kwa sababu sisi tuliwaambia watu wanaitaka. Sisi tuliwaambia kwa sababu wewe ulisema ni yako. Kila mtu amemwamini mwenzake."

Wiki sita kabla ya harusi. Lori likifika, Lado atalazwa kwenye vitanda vya mji mzima, na Keji ataletewa habari na mtu asiyemjua, siku ya harusi yake au hata kabla. Naandika wazi ili nisijidanganye: nataka lori hilo lisifike kabla ya tarehe ishirini. Sitaki Keji ajue.

7 Agosti

Mvua ya ajabu. Maji yamebomoa kalavati kwenye barabara ya Nimule, inayotuletea mizigo ya Uganda, malori yamekwama foleni ndefu. Suk yote, soko zima, inalia, vitunguu viko kule, unga uko kule, sabuni iko kule. Nyuzi zangu pia ziko kule. Mimi peke yangu nimesema asante Bwana.

8 Agosti

Mvua. Asante.

10 Agosti

Mchungaji ametusimamisha wote tuombe mvua ikatike na barabara ifunguke, maana watoto wanakosa unga. Wote wamesimama wakainua mikono. Nami nimesimama, nimeinua mikono, nimeomba kinyume. Nimejisikia mwenyewe nikiomba nikashangaa. Mimi, Kisakye, mfanyabiashara, naomba mzigo usifike!

14 Agosti

Achan amelikuta lile shuka la sampuli. Nilikuwa nimelificha chini ya gunia la mabaki ya vitambaa, naye alikuwa anatafuta kipande cheupe. Nimeingia nikamkuta amelitandaza magotini anapitisha kiganja juu ya jogoo, anarudia, anapitisha, kama kipofu.

Nimemweleza yote. Sikupunguza. Nilitegemea atapiga kelele, nikawa nimejiandaa nami kupiga zangu, maana mdomo wangu watu wanaujua.

Hakupiga kelele. Amesema polepole, "Mama Ryan. Wewe nauza mtu amekufa?"

Nimeinama nikaanza kuokota mabaki sakafuni. Mimi!

Halafu akasema, "Keji nasikia kutoka kwako. Si kwa simu, si kwa suk. Kwako. Mimi nangoja." Akachukua penseli akaendelea kuchora tausi wa mtu mwingine.

15 Agosti

Achan amekuja kazini. Hajanisalimia.

18 Agosti

Nimekwenda ofisini kwao New Site, nimepita stoo yenyewe, ndefu, tupu, inangoja. Edrine amempigia mkubwa wake mbele yangu na kuweka spika nami nisikie. Mkubwa ana sauti nzuri, ya upole, ndiyo maana nimeogopa zaidi. Anasema anasikitika sana na msiba wa familia. Anasema kiwanda kimetimiza ahadi, wateja wamengoja kwa uvumilivu, na ushirikiano ni kuaminiana. Anasema kama mchoro una mwenyewe mwingine, mwenyewe huyo azungumze nami.

Na ni kweli, ndilo linaloniuma. Hakuna neno alilosema ambalo si kweli.

Tulipotoka nje Edrine amenishika mkono. "Nyabo, naweza kitu kimoja. Nitaitoa picha kwenye simu mpaka harusi ipite. Hakuna mtu mpya atakayeagiza."

"Na walioagiza tayari?"

"Hao watapelekewa mzigo ukifika."

Kijana huyu nilimdharau kwa sababu ya viatu. Leo alikuwa amevaa gambuti.

19 Agosti

Nimeitafuta picha kwenye simu. Haipo. Nimekula vizuri mara ya kwanza tangu tarehe sita.

24 Agosti

Mvua. Nyuzi nyekundu zimekwisha. Kitunguu kimoja sasa unakinunua kwa bei uliyokuwa ukinunulia fungu.

30 Agosti

Nimesikia kwa wasafirishaji kwamba dereva mmoja wa Mbarara ameshikwa malaria kwenye foleni kule, hakuna dawa, hakuna njia ya kumtoa, amekufa kwenye gari lake. Nilikuwa nimeomba mvua. Nimeiomba kila siku, kwa jina la Yesu. Sasa siombi mvua, siombi jua, naogopa hata kufungua mdomo.

4 Septemba

Keji amepita kuleta kadi. Amepiga magoti hapa hapa verandani na gauni lake safi, nikamwambia inuka mwanangu, kuna matope. Amesema, "Mama Ryan, siku hiyo wewe nakaa mbele na mashangazi. Milaya ile imenipa amani." Achan ameinua macho akanitazama. Wanawake wote wamenitazama. Nimesema, "Asante mwanangu." Basi, hayo tu. Nimeshindwa.

9 Septemba

Jua.

10 Septemba

Jua tena. Barabara inakauka, kalavati limetengenezwa. Watu wanapigiana vigelegele sokoni.

16 Septemba

Malori yameingia. Nimesikia honi zake kutoka kitandani. Unga umeshuka bei, mji mzima una furaha, nyuzi zangu nyekundu zimefika. Edrine ametuma ujumbe: "Mzigo uko stoo. Leo tunaanza kupeleka. Pole nyabo."

18 Septemba

Achan ameniwekea mwavuli mkononi asubuhi, ingawa hakuna mvua. "Nenda sasa."

Nimekwenda New Site. Nimejisemesha njia nzima, nimepanga maneno, nimefika mlangoni nikiwa nayo yote mdomoni. Nyumba imejaa mashangazi kutoka Kajo-Keji. Keji yuko ndani anasingwa, moshi wa manukato unatoka mpaka uani, na shangazi mkubwa amekaa mlangoni kama askari. Nimesema nina neno la muhimu na bibi harusi.

"Neno la furaha ama la huzuni?" ameniuliza.

Nimetazama mwavuli mkononi.

"La huzuni linangoja Jumatatu," akasema. "Msichana iko na moshi mwilini, hapana pelekea yeye huzuni. Karibu chai."

Nimekunywa chai. Nimerudi. Najua ningeweza kusukuma mlango ule. Nimesukuma milango migumu zaidi katika mji huu. Shangazi alinipa sababu nami nikaishika kwa mikono miwili, nikafurahi kuishika. Nilipomwambia Achan, amechukua mwavuli wake akaenda nyumbani.

19 Septemba

Sikufungua kiwanda.

20 Septemba

Nimerudi kutoka harusini. Gauni bado sijavua.

Kanisani kulikuwa kuzuri. Keji amependeza, Fortunato amelia kabla yake, watu wamecheka. Nilianza kupumua. Nilijiambia labda Mungu ameona, labda itapita hivi hivi.

Kutoka kanisani tumekwenda kwa wakwe, huko huko New Site, kula. Mimi, Achan na wanawake wa kiwandani tulitangulia na mashangazi. Nilipoingia uani kwa wakwe kwanza niliona rangi tu, uwanja mzima umewaka maua, nikasema moyoni hawa watu wamejipamba. Kisha nikaona nyekundu ya baiskeli.

Kila kiti. Kila kiti cha plastiki chini ya turubai, safu kwa safu, kimevishwa shuka la Suksua, limevutwa kwa nyuma likafungwa fundo, na katikati ya kila mgongo jogoo amepinda, mkia Nimule, kichwa Terekeka. Wazee walikuwa wameshaketi. Watu walikuwa wamemwegemea. Mzee mmoja alikuwa anakula mbuzi na akajipangusa vidole pembeni, taratibu, kwenye gurudumu. Masikio yangu yalijifunga, nikaona midomo inakwenda na sisikii kitu. Achan alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka sasa kuna alama, na sijui kama alikuwa ananizuia nisianguke au alikuwa anajizuia mwenyewe.

Mama mkwe amekuja kutupokea, mama Fortunato, mwanamke mnene, uso wote meno. Ameshika mikono yangu.

"Wewe ndiye Mama Ryan! Milaya ile tuliiona kitandani kwa biniya tai, binti yangu huyu, siku tulipeleka mahari. Mimi nasema, huyu mtoto hana mama, hana baba, anakuja kwetu peke yake. Akute kwetu ni kama kwake! Tukatafuta kwa simu, tukapata sawa sawa, tukalipa kabla. Wallahi, lori ile! Kila siku mimi napiga magoti, Mungu, katisha mvua, lori ifike kabla ya harusi. Na unaona? Mungu anasikia!"

Nimemwambia Mungu anasikia. Ndivyo nilivyomjibu.

Vigelegele vikaanza langoni. Keji ameingia ameshikwa mkono na mumewe. Amepiga hatua tatu nne, kisha amesimama. Watu wakadhani ni furaha, vigelegele vikapanda. Mama mkwe alifungua mikono, machozi yanamtoka, anangoja kukumbatiwa. Keji hakumtazama. Alikuwa anatazama viti, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho wa turubai, na midomo yake ilikuwa inasogea. Fortunato alimwuliza kitu.

Alimwachia mkono. Akaenda kwa yule mzee aliyekuwa anakula, akapiga magoti na gauni lake jeupe ardhini, akamsalimia kwa heshima, akamwomba asimame kidogo. Mzee akasimama na sahani yake. Keji akafungua fundo, akalivua shuka, akalikung'uta makombo, akalikunja. Akaenda kiti cha pili. Akapiga magoti, akasalimia, akamwomba mwenye kiti asimame, akafungua, akakunja. Kufika kiti cha tano hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Muziki ulikuwa unapiga, mtu akauzima.

Achan aliniachia kiwiko. Akaenda safu ya pili akaanza kufungua. Wanawake wangu wakamfuata, wote. Hakuna aliyeambiwa. Nami nikaenda, maana ningefanya nini? Nimefungua mafundo, na kila shuka nililolivua nililitazama. Watu walisimama wenyewe sasa, kabla ya kuombwa, uwanja mzima umesimama na sahani mikononi.

Mama mkwe alikuwa amebaki pale pale na mikono yake. Keji alipomaliza safu ya mwisho alimwendea. Akapiga magoti, akamshika miguu. Nilikuwa karibu, nimesikia.

"Shukran, mama. Umenipenda, nimeona. Wewe hukujua. Huyu ni kaka yangu." Akamwekea kidole chake juu ya jogoo. "Hii ni yeye. Watu hapana weza kaa juu yake."

Mama yule alipiga yowe moja tu. Akamwinua Keji akamkumbatia, wakakaa hivyo muda mrefu, na wanawake wa upande wa bwana harusi wakaanza kulia, hawajui vizuri wanalia nini. Baadaye mtu akawasha muziki. Chakula kikaendelea. Wameoana, wako salama, sina wasiwasi na nyumba ile.

Nilikuwa natafuta mlango niondoke kimya. Keji ameniona. Ameokota lundo lote la mashuka, amelikumbatia, lilikuwa linamfika kidevuni, amevuka uwanja mbele ya watu wote amekuja mpaka nilipo. Hakupiga magoti. Mara ya kwanza tangu nimjue, hakupiga magoti.

"Mama Ryan," akasema, bila hasira, na heri angenitukana. "Hizi ni zako. Mimi nilinunua moja."

Akanipa. Nikapokea.

Nimetoka nalo lile lundo kichwani, kutoka New Site mpaka Hai Cinema kwa miguu, maana kila boda aliyesimama nilishindwa kumwambia naenda wapi. Jua lilikuwa kali. Achan hakunifuata. Njiani wanawake wawili wamenisimamisha, mmoja mmoja. Wameshika ukingo wa shuka la juu wakalisifu, wakaniuliza nauza bei gani.